Kiraka Kisicho na Tundu

Kila jioni, kabla ya kufunga kibanda chake kando ya barabara inayotoka Arua kwenda Koboko, shangazi yangu hufanya kazi moja ambayo hakuna mteja anayemlipa. Hufagia. Manibe, kilipo kibanda hicho, siku hizi inahesabiwa ndani ya Jiji la Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, tangu mwaka 2020, lakini baraza lake ni lile lile la zamani: cherehani ya miguu, benchi la wateja, pasi ya makaa, na sakafu iliyojaa vitenge. Si vitenge vizima. Ni nusu mwezi zilizotoka kwenye kwapa, viduara vilivyotolewa shingoni, na kabari ndefu zilizobaki ubavuni mwa sketi. Mafundi wengine huwashia sigiri. Yeye huvitia ndooni, na ndoo ikijaa huanza nyingine.

Nilipomwambia kwamba nataka kuzifungua ndoo zile nimshonee shuka la viraka, hakushukuru wala hakukataa. Aliuliza tu, "Utaanza na mkasi au na cherehani?"

"Na mkasi, shangazi. Mtu atashonaje kabla ya kukata?"

"Haya, mwanangu. Anza."

Nilianza. Nilichora mraba kwenye boksi la sabuni, inchi 4 na nusu kila upande, nikaukata uwe kigezo. Ile nusu inchi ya ziada ni ya mishono, robo huku na robo kule, ili mraba ukishaungwa pande zote ubaki na inchi 4 kamili. Miraba tisa, mitatu kwa mitatu, ya rangi nzito na ya rangi hafifu kwa zamu, hufanya kitalu kimoja cha inchi 12. Vitalu 42, sita kwa saba, hufunika kitanda. Kwa hiyo nilihitaji miraba 378. Niliweka kigezo, nikazungusha chaki, nikakata, nikaweka kigezo tena. Siku ya tatu boksi lilikuwa limelegea pembeni na mimi sikuona. Miraba ya mwisho ilikuwa mikubwa kuliko ya kwanza kwa unene wa mstari wa chaki.

Unene wa mstari wa chaki unaonekana kitu kidogo mpaka uuzidishe. Chukua safu moja ya shuka hilo, yenye vitalu sita: ina miraba 18 na mishono 17. Kila mshono ukimeza moja ya nane tu ya inchi kupita unavyopaswa, safu nzima inafupika kwa inchi 2 na zaidi. Safu ya jirani, iliyoshonwa siku nyingine na mkono uliochoka kwa namna nyingine, haitafupika kiasi hicho hicho. Nilipozilaza safu zangu mbili za kwanza pamoja, pembe zilianza kukutana vizuri upande wa kushoto, na kufika kulia zilikuwa zimepishana kabisa. Nikafumua. Nikashona tena. Nikafumua.

Katika kufumua ndipo nilipoelewa shangazi alikuwa ameniuliza nini. Mshono hufumuliwa, mkato haufumuliwi. Vitambaa viwili vilivyoungwa vibaya hurudi kuwa vitambaa viwili, na hasara yake ni uzi na saa moja ya macho. Kitambaa kilichokatwa vibaya hakina pa kurudi. Basi kila mkato unaoweza kungoja na ungoje, na kila mshono unaoweza kutangulia na utangulie. Nikitazama mbinu zote za haraka ambazo mafundi wa viraka hufundishana, karibu zote zimejengwa juu ya jambo hilo moja, hata kama wao wenyewe huzisifia mwendo wake tu.

Shangazi alinionyesha bila maneno mengi. Alichukua vitenge viwili, cha rangi nzito na cha rangi hafifu. Hakugusa rula. Alikata ncha ya pindo kwa mkasi, kiasi cha kidole, akashika pande mbili akavuta. Sauti ile anaijua kila mtu aliyewahi kununua kitenge kwa yadi katika soko la Arua. Pamba iliyofumwa kawaida, uzi juu uzi chini, ukiianzisha mahali hupasuka kwa kufuata uzi ule ule mpaka pindo la pili. Rula inaweza kuteleza, uzi hautelezi. Ukingo uliochanwa hujikunja kidogo na kutoa nyuzi, kwa hiyo aliongeza upana wa nyuzi chache, kisha akapitisha pasi. Akaniambia kitu kimoja ambacho nakirudia kwa kila anayejifunza: fuata uzi, usifuate ua. Maua ya kiwandani huchapwa juu ya kitambaa kilichokwisha kufumwa, na mara nyingi yamelala upande kidogo. Ukikata kwa kufuata ua, shuka litapendeza siku ya kwanza na kupinda baada ya kufuliwa.

Halafu akaunga mikanda mitatu kwa urefu, nzito, hafifu, nzito. Akapiga pasi. Ndipo akachukua mkasi na kukata mkingamo, kila baada ya inchi 4 na nusu, na kila alipokata ilianguka safu iliyokwisha kuungwa, miraba mitatu imeshikana, sawasawa.

Tuifanye hesabu, maana hapa ndipo utamu wa kazi hii ulipo. Kitenge kina upana wa inchi 45 hivi. Mikanda mitatu iliyoungwa, ikikatwa mkingamo, inatoa safu 9 na kipande kidogo cha kusawazisha ncha. Mafungu mawili ya nzito-hafifu-nzito na fungu moja la hafifu-nzito-hafifu yanatoa vitalu 9 kamili. Kwa njia yangu ya boksi, vitalu 9 vilinitaka nikate miraba 81 mmoja mmoja, na kabla ya kuunganisha safu kwa safu nishone mishono mifupi 54. Kwa njia yake, mikanda 9, mishono mirefu 6, mikato ya kukingama 27. Na kosa, kama lipo, linakaa ndani ya mkanda mzima, kwa hiyo safu zote zilizotoka humo zinakosea kwa namna moja, na zikikosea kwa namna moja zinakutana.

Pasi nayo ina siri yake. Mishono ya safu ya kwanza hulazwa upande wa rangi nzito, ili isionekane kupitia kitambaa hafifu. Katika safu ya pili rangi zimegeuka, basi mishono inalala upande wa pili yenyewe. Ukizikutanisha safu hizo, tuta la mshono mmoja linagota kwenye tuta la mwingine, na kidole kinaisikia pembe imekaa kabla jicho halijaiona. Pini hazihitajiki.

Kwa anayeshona kwa miguu kuna jambo jingine ambalo vitabu vya wenye cherehani za umeme hulipita haraka. Kinachochosha ni kuanza na kusimama. Kila ukisimama, unakata uzi, unageuza gurudumu kwa mkono, unatafuta pedali kwa unyayo, unaanza upya. Shangazi hasimami. Akimaliza jozi moja ya vipande, haivuti. Anaipandisha jozi ya pili mbele ya sindano, na uzi unapita hewani kidogo kati ya jozi na jozi, kama shanga. Anashona jozi ishirini, thelathini, ndipo anakata nyuzi zote kwa mara moja. Magoti yake, ambayo yameendesha pedali tangu kabla sijazaliwa, ndiyo yaliyomfundisha.

Mbinu ya mikanda haikuanzia Manibe, na si vibaya kulisema hilo. Wanawake wa kabila la Seminole huko Florida, Marekani, walipopata cherehani za mkono walianza kuunga mikanda mirefu, kuikata mkingamo na kuiunga tena iliyosogezwa, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa ndiyo alama ya mavazi yao. Mwaka 1979 kampuni ya Olfa ya Japani ikatoa kisu cha gurudumu, kinachokata tabaka kadhaa za kitambaa kwa kubingirishwa kando ya rula, na kazi iliyokuwa ya siku ikawa ya saa. Nimekitumia kisu hicho. Ni chombo kizuri. Lakini kinataka ubao wake maalumu chini, na wembe wake ukiisha makali unataka mwingine, na mwenye pamba ya kawaida mbele yake na mikono miwili anaweza kuchana mkanda ulionyooka bila senti.

Sasa nije kwenye ndoo, kwa sababu ndoo ndiyo iliyoleta shida. Mikanda inataka kitambaa kirefu. Kwa shuka lile la vitalu 42 ingebidi nichane mikanda 45 ya upana mzima, na mikanda 45 inakula yadi 5 na nusu na kidogo, yaani karibu kitenge kizima cha yadi 6. Nilikuwa tayari kununua. Vitenge vinavyovuka kutoka Ariwara, upande wa Kongo, havikosekani Arua, na nilikwisha kuwachagua wauzaji wawili. Shangazi akanitazama. "Utakata kitenge kizima vipande vipande, halafu uviunge tena viwe kitenge kizima?"

Sikuwa na jibu siku ile. Leo ninalo, ingawa si refu. Kukata kitambaa kipya ili kukiunga upya ni sanaa, na anayeifanya kwa moyo simlaumu. Ila asiiite kubana matumizi. Mbinu ikisifiwa kuwa inaokoa, ni lazima tuulize inaokoa nini. Mwenye mshahara na jioni moja tu kwa wiki ana upungufu wa saa. Mikanda ya kitambaa kipya inamfaa. Shangazi ana upungufu mwingine. Kitambaa anapata bure, kila jioni, chini ya miguu yake. Uzi ananunua. Magoti hayanunuliwi. Mama aliyekimbia Yei akaishia kambi ya Bidibidi kule Yumbe, ambaye bado anadarizi milaya, yale mashuka yenye maua ya uzi ambayo nyumba ya Sudani Kusini huyatandika mgeni akija, huyo tena ana hesabu yake. Mbinu moja haiwezi kuwa bora kwa wote watatu.

Na kuna deni ambalo mshono hulidai kila mara, na wapenda vipande vidogo hawapendi kulitazama. Mraba wa inchi 4 hukatwa inchi 4 na nusu. Ukipiga hesabu ya eneo, asilimia 21 ya kitambaa imeingia mishononi, haionekani tena. Mraba wa inchi 2 hupoteza asilimia 36. Mraba wa inchi 1 hupoteza zaidi ya nusu yake. Kadiri unavyokata vidogo ili "usipoteze kitu", ndivyo unavyokizika kitambaa upande wa ndani na kuongeza uzi wa kukizikia. Nimeona kazi za viraka vidogo sana, za kupendeza macho, ambazo upande wa ndani ni mzito kama godoro. Kwa hiyo kipande kikubwa kiachwe kikubwa. Umbo lake lisipunguzwe ila pale linapozuia kuungwa.

Basi kabari. Hizi zilikuwa nyingi kuliko vipande vingine, kwa kuwa kila sketi iliyopanuka chini huacha mbili, moja kila ubavu: ndefu, pana upande mmoja, nyembamba upande wa pili. Mimi nilitaka kukata miraba ndani yake na kutupa ncha. Shangazi alichukua kabari mbili, akaigeuza moja kichwa chini, akazilaza ubavu kwa ubavu. Upana wa moja ulijaza wembamba wa nyingine. Zilikuwa mkanda ulionyooka.

Hapo kitenge chenyewe kilisaidia, na hili linahitaji kuelezwa. Kitenge cha nta cha kweli, cha namna ya Vlisco, kampuni iliyoanzishwa huko Helmond, Uholanzi, mwaka 1846, hupakwa nta na rangi pande zote mbili. Hakina mgongo. Kile cha rahisi, kilichochapwa upande mmoja, kina uso na mgongo uliofifia. Kabari za sketi moja hutoka zikitazamana, ya kushoto na ya kulia, lakini mkanda unataka mbili za upande mmoja, na ukikosa mwenzi wa kabari moja, kwa kitambaa cha uso mmoja umekwama. Kwa kitenge cha nta unaigeuza tu, kama unavyogeuza kiganja, ya kushoto ikawa ya kulia. Ndoo nzima ya shangazi, ambayo mimi niliiona ni fujo, ilikuwa na wenzi tele.

Alinitahadharisha juu ya ukingo mmoja. Kabari ina upande unaofuata uzi na upande uliokatwa mshazari, na upande wa mshazari unavutika kama mpira. Uunge mshazari kwa mshazari, katikati, bila kuvuta, uiache mikono ipumzike juu ya kitambaa na meno ya cherehani yasukume. Pande zinazofuata uzi zibaki nje. Mkanda uliotengenezwa hivyo umefungia udhaifu wake ndani ya mshono, na nje umenyooka na kutulia kama mkanda uliochanwa kutoka kitambaa kipya.

Sababu hiyo hiyo ndiyo inayofanya pembetatu zishonwe kabla ya kukatwa. Unalaza miraba miwili uso kwa uso, unachora mstari kutoka pembe mpaka pembe, unashona robo inchi upande huu wa mstari na robo inchi upande ule, ndipo unakata juu ya mstari. Miraba miwili mipya inafunguka, kila mmoja nusu na nusu. Kwa mraba utakaobaki na inchi 4, anza na inchi 4 na sehemu saba za nane. Mimi huanza na 5 na kupunguza mwishoni. Watu huisifu njia hii kwa wepesi wake. Mimi naipenda kwa sababu ule ukingo wa mshazari haukai wazi hata dakika moja.

Nusu mwezi za kwapa zilibaki, na hazikuingia popote. Niliwaza juu yake kwa siku nyingi, mpaka nilipokumbuka watu walio mbali sana na Manibe ambao si wageni kwetu. Wasidi wa Karnataka, kusini magharibi mwa India, ni wazao wa Waafrika waliovushwa bahari, wengi kutoka pwani ya mashariki ya Afrika. Wanawake wao hushona mfarishi waitao kawandi. Hawana vitalu, hawana kigezo, hawapimi. Huanza kwenye kona, hukunja ukingo wa kipande kilivyo, hukishona kwa mkono, huweka kingine pembeni yake, na kuzunguka hivyo wakielekea katikati mpaka shuka limefunikwa. Kipande kilichopinda kinalala kilivyopinda. Mishono inayofuatana ndiyo inayoshika kila kitu, na kwenye pembe nne huwekwa vitambaa vidogo vilivyokunjwa, viitwavyo phula, maua. Ukipima kwa saa, hiyo ni njia ya polepole. Ukipima kwa kitambaa, hakuna inayoishinda. Nusu mwezi zetu zilizunguka shuka la shangazi kwa njia hiyo, zikawa pindo.

Neno hilo, mfarishi, limo katika kamusi zetu za Kiswahili na linakaribia kusahaulika; wengi tunasema blanketi la viraka, na neno kiraka tunalisema kwa aibu. Kiraka ni dalili ya tundu. Mtoto mwenye kiraka gotini anajua wenzake wanatazama nini. Lakini nchi hii ya West Nile iliwahi kuona viraka vya namna nyingine. Emin Pasha, gavana wa Misri katika mkoa wa Equatoria, alipokuwa amejibanza Wadelai, ukingoni mwa Nile, katika miaka ya 1880, jeshi la wafuasi wa Mahdi, kiongozi wa dini aliyeuasi utawala wa Misri, lilipanda mto kutoka Sudani na mwaka 1888 likaitwaa ngome ya Rejaf, kaskazini ya Wadelai. Vazi la wapiganaji wale lilikuwa jibba ya viraka. Mwanzoni viraka vilikuwa vya kweli, vya fukara aliyeukana ulimwengu. Baadaye jibba zilishonwa mpya, za pamba safi, na viraka vikapangwa juu yake kwa ulinganifu, kulia kama kushoto, bila tundu lolote chini yake.

Simsifu mtu kwa vita alivyopigana. Natazama nguo. Siku ambayo mtu alishona kiraka mahali pasipo na tundu, kiraka kilikoma kuwa aibu kikawa chaguo, na tangu hapo anayekishona anawajibika kukikata sawa. Nimeishika miraba yangu ya kwanza, ile ya boksi lililolegea, nikaona kwamba niliishona kama mtu anayeziba. Niliharakisha kwa sababu moyoni niliamini ni takataka.

Shuka limekwisha. Vitalu 27 vimetoka kwenye mikanda ya kabari, 15 vimetoka kwenye miraba yangu ya mwanzo, niliyoifumua na kuipima upya mmoja mmoja. Shangazi hulitandika wageni wakija, na hulikunja mwenyewe, hamwachii mtu.

Nawe fundi unayefagia jioni hii, iwe Manibe, iwe Koboko, iwe Kariakoo, usiviwashie sigiri. Tenga kabari mbali na nusu mwezi, na vya nta mbali na vya uso mmoja. Ndoo nne zinatosha.